Dagaa Juu ya Ushanga

Arlène alikuwa na maoni juu ya kila kitu, na kila Jumamosi saa tisa alasiri redio ndogo ya Nchelenge ilimpa saa nzima ya kuyamwaga. Kipindi chake kiliitwa Saa ya Ng'ambo, kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongomani waliotawanyika kando ya ziwa tangu Kafutuma hadi Chienge. Humo alisema wimbo gani wa rumba una kelele kuliko maneno, tamthilia gani imekwisha utamu ila haitaki kuisha, na kwa nini wanaume wa kwao wakipata hela kidogo hupandisha suruali mpaka kifuani. Watu walicheka, wakanuna, wakapiga simu. Na kipindi kilifungwa kwa kitu kimoja ambacho hata wasiompenda walikingoja: Asante ya Leo. Hapo Arlène alishukuru jambo moja tu la Zambia, dogo, la kushikika. Aliwahi kulishukuru bomba la maji la soko la Kashikishi. Aliwahi kumshukuru mama mmoja wa Chienge ambaye, siku walipovuka mpaka na mvua ikawanyeshea, alimvua mwanawe sweta akampa mdogo wake Arlène, kisha akaenda zake bila hata kutaja jina.

Jumamosi hii hakutaka kumshukuru mtu yeyote.

Sababu yenyewe ilikuwa imekaa upande wa pili wa kioo, imeinamia vitufe. Jina lake Mwiche, fundi mitambo wa redio, kijana wa Kashikishi tangu kuzaliwa. Wiki mbili mfululizo alibadilishana zamu na mwenzake Dan ili asimwone Arlène. Leo Dan alikuwa na malaria, Mwiche akalazimika. Aliingia, akausalimia ukuta, akaketi.

Ngoja nikueleze walikotoka, usije ukadhani huyu Mwiche ni mtu wa hivihivi. Miaka miwili nyuma, alipokabidhiwa kipindi cha Kiswahili, hakujua neno zaidi ya bei ya samaki. Lugha aliipata kwenye hedifoni, Jumamosi baada ya Jumamosi, akimsikiliza Arlène akigombana na dunia. Siku alipojipa moyo wa kumsemesha, Kiswahili kilimtoka vilevile kilivyoingia: "Mpenzi msikilizaji, umekula?" Arlène alicheka mpaka akajishika mbavu. Hakuwa amekula. Wakaenda kula.

Tangu hapo, kabla ya kipindi kuanza, Mwiche aliinua mkono nyuma ya kioo akawa anakunja vidole kimoja kimoja: tano, nne, tatu, mbili. Kile cha mwisho hakikukunjwa haraka. Kilibaki juu, kikimwelekea, kwa muda ambao redio nyingine yoyote ingemfukuza kazi. Arlène alikuwa na miaka ishirini na saba, na katika nchi hii ya watu hakuna kitu alichokipenda kama kidole kile.

Mwezi uliopita Mwiche alimwambia: watu wa kwetu watakuja kwenu. Hakusema zaidi, maana kwao mwanaume hajisemei. Arlène akangoja kama wanavyongoja kwao Moba, upande wa Kongo: baba wadogo wenye suti, barua ndani ya bahasha, kreti za soda, nyimbo mlangoni, majirani wakitoka nje kushangaa. Arlène hakumwambia mama yake kitu. Mama Emilienne alikuwa na mkwe wake tayari kichwani, Léopold, mfanyabiashara wa samaki anayevuka ziwa kila wiki, mtu wa kwao, na Arlène alitaka kreti za soda zifike kwanza ndipo vita vianze. Hazikufika. Mwiche alinyamaza, akabadili zamu, na Alhamisi Ennie muuza nyanya akamwambia, bila hata kuinua kichwa, kwamba Jumapili mshenga wao, baKaoma, anapanda basi kwenda Mwansabombwe kumposea Mwiche binti wa mwalimu mmoja.

Jumapili ilikuwa kesho.

Basi Arlène alijua sababu. Au alidhani anajua. Mwaka huo Kashikishi nzima ilikuwa ikiangalia komedi moja ya televisheni, na ndani yake kuna mwanamke anaitwa Madamu Kongo. Uso wa manjano kwa mkorogo, vifundo vya vidole vyeusi, wigi jekundu. Anaiba waume za watu kwa dawa anayoificha ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Tangu ianze, Arlène hakupita sokoni bila mtu kumwita jina hilo, na wengi waliomwita hawakuwa wabaya, walimnunulia hata maandazi, waliona ni utani. Lakini bamayo Eness, mama yake Mwiche, alisifika kwa kutokosa kipindi hata kimoja. Arlène alijumlisha mambo hayo akapata jibu lake.

"Mi pia ninamuchekaka Madamu Kongo," alisema hewani, macho yamemkazia Mwiche kupitia kioo. "Yule mwigizaji anajua kazi. Lakini miaka sita niko huku, na kwa televizyo sijaona Mukongomani hata moja mwenye anaingia kwa duka, analipa mukate, anarudia kwake. Moja tu. Asiibe, asiloge, asicheze. Alipe mukate."

Kisha akawageukia wa kwao, maana ulimi wa Arlène haukuwa na upande. Akawauliza wale wanaokaa Kashikishi wakisema Wazambia hawajui kuunga mboga na kwamba wana jozi moja ya viatu, ya kanisa na ya msiba: nani aliwapa mihogo ya kwanza kupanda? Akasema tena kwamba wachekeshaji hawakubuni kitu, waliangalia tu video zetu, magari ya kuazima na makoti ya manyoya katikati ya joto. Simu zikaanza kuwaka. Mwiche hakuzipokea. Aliweka rumba ndefu kuliko zote alizokuwa nazo, ya dakika kumi na moja, akazima taa nyekundu ya kipaza sauti.

Wakabaki wawili na kioo katikati.

"Nimesikia kwa soko baKaoma anaenda Mwansabombwe kesho," Arlène akasema kwenye spika ya ndani. "Mi mutu wa redio, habari yangu ninaipata kwa muuza nyanya."

Mwiche hakuinua macho. "Mulitukataa," akasema.

"Nani alikataa?"

"Ninyi. Wiki mbili sasa. Sahani zilirudi, ushanga ndani. Na chisense juu."

Kwanza Arlène alidhani Kiswahili kimemponyoka. Akamtaka aseme tena, polepole, na kwa Kibemba kama ni lazima. Mwiche akaeleza kwa lugha zote mbili. Kwao posa haiji na kelele. Mshenga, wanamwita shibukombe, huja peke yake mchana kweupe, hukaa chini, huzungukazunguka kwa maneno, kisha huacha sahani mbili, moja imefunika nyingine. Ndani mna kitu kidogo kwenye kitambaa cheupe. Kwa akina Mwiche ulikuwa ushanga mweupe wa bibi yake. Mkikiweka, mmekubali tuzungumze. Sahani zikirudi nacho, yamekwisha, na hakuna anayeuliza kwa nini. BaKaoma alipeleka Jumanne. Jumatano sahani zilirudi mikononi mwa mtoto wa jirani, ushanga umo, na juu yake kilima cha chisense, dagaa wa ziwa lile, wamekaangwa kwa vitunguu. Watu wa nyumbani walikaa wakawatazama wale samaki. BaKaoma akasema katika maisha yake ya kubeba sahani amekataliwa mara nne, lakini hajawahi kupewa samaki wa kumziba mdomo.

"Sahani za namna gani?" Arlène akauliza.

"Za maua ya bluu."

Arlène akaketi. Jumanne ile alikuwa Kafutuma akiuza vitenge vyake. Aliporudi Jumatano alimkuta mama yake uani, amekunja kitenge magotini, anasugua kwa jivu sahani mbili za maua ya bluu ambazo hazikuwa zao. Ni za mzee mmoja mwenye harufu ya petroli, mama alisema, amezisahau hapa. Arlène alikuwa amechoka na jua, hakuuliza neno la pili. Yeye, mwenye neno juu ya kila kitu.

"Mwiche," akasema, "kwetu sahani ya mutu hairudishwake tupu. Mutu akikuletea kitu, unaosha sahani yake, unatia chakula, njo unarudisha. Ukirudisha tupu unamuambia asikanyage tena kwako. Mama alizania ule muzee amesahau shanga za mujukuu wake. Akamurudishia. Akatia na samaki, sababu ni mutu wa heshima."

Magitaa ya rumba yalikuwa yamefika pale yanapokimbizana. Mabega ya Mwiche yakaanza kutikisika, na Arlène hakuweza kujua kama analia au anacheka, mpaka alipoinua uso, akaona ni vyote.

"Na mi nilizania ni Madamu Kongo," Arlène akasema. "Nilizania munaniogopa."

"Mama yangu aliogopa." Mwiche hakujua kudanganya katika lugha yoyote. "Mi hapana. Mi sijawahi."

Arlène akamuuliza kwa nini hakumwuliza, hata neno moja, wiki mbili nzima. Akajibu kwamba aliyekataliwa haulizi, kwao hiyo ni kujivua nguo. Kisha naye akauliza taratibu: na yeye, mbona hakumwambia mama yake kwamba kuna watu wanakuja? Kwa mara ya kwanza ndani ya studio ile Arlène hakuwa na maoni. Alitazama mikono yake.

"BaKaoma hawezi kurudi kwenu," Mwiche akasema. "Ushanga haupiti njia moja mara mbili, ataonekana anaomba. Mi siruhusiwi kusema mbele yake. Na wewe ni jambo lako, hauruhusiwi pia. Iko paka mama yako."

Paka mama yako. Paka, yaani ni yeye tu: neno la Katanga kabisa, limetoka kwenye kinywa cha Mzambia, na lilimwingia Arlène mahali ambapo maneno ya kawaida hayafiki. Wimbo ulikuwa unakwisha. Mwiche akainua mkono: tano, nne, tatu, mbili. Kile kidole cha mwisho kikabaki juu.

"Asante ya Leo," Arlène akaanza, akakohoa. "Leo ninashukuru mutu moja wa hapa. Alijifunza luga yetu kwa masikio tu, hakuna mwenye alimutuma, hakuna mwenye alimulipa. Siye tunalalamikaka banatucheka. Lakini kuko na mutu alikaa akatusikiliza mpaka akatusikia. Asante kwa Kibemba chao: natotela, mukwai."

Redio ya Nchelenge ikakaa kimya sekunde kadhaa, maana fundi alisahau kubonyeza kitufe.

*

Mama Emilienne alikuwa uani akichambua chisense juu ya turubai, akitupa kando mawe na majani. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kuacha kuchambua. Kisha akaacha.

"Alikaa kwa udongo," akasema. "Nilimupa kiti, akakataa. Nilimuongezea muto wa kiti, akakataa. Nikasema, pole, muzee wa watu, mugongo unamusumbua."

Arlène akauma mdomo asicheke. Haikusaidia.

Lakini usidhani mama alicheka naye. Mama Emilienne alikuwa na ya kwake, na aliyasema yote. Alisema hakuvuka mpaka na watoto wawili ili wajukuu wake waje kumwita kwa Kibemba. Alisema pale bombani wanawake humwita Madamu Kongo na yeye hujifanya hasikii. Alisema Léopold ni mtu ambaye ukitaja jina la mtaa wenu anajua nyumba ya kona. Arlène alijibu kila moja, na mengine aliyajibu vibaya, na kwa dakika kumi uani palikuwa na moto bila kuni. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba Léopold anajua nyumba ya kona iliyokwisha kuchomwa, na kwamba yeye, Arlène, anataka mtu anayejua nyumba ya sasa.

Mama alitazama ndani, juu ya kabati, mahali ilipokunjwa sweta moja ndogo ya kahawia, ile ya siku ya mvua ya mpakani, ambayo haikumtosha tena mtu yeyote wa nyumba ile. Miaka sita hakuna aliyethubutu kuitoa.

"Banawaza nilibatukana?" akauliza.

"Ee, mama."

"Na chakula?"

"Ee."

Mama Emilienne akasimama, akakung'uta magamba kwenye kitenge. Kama ni kukataa, akasema, atakataa na akili yake, siyo kwa kutojua. Na kuhusu Muzambia huyu, yeye hajaamua kumkataa wala kumkubali, hilo ni jambo la baadaye. "Lakini mi, tangu ninazaliwa," akasema, "sijatukanaka mutu na chakula." Akamtuma Arlène kuwasha moto na kukata vitunguu.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado kali juu ya maji, Kashikishi iliona kitu ambacho haikuwahi kukiona: mama wa binti anabeba sahani mbili nyeupe zenye mstari mwekundu, zimefunikana, kweupe, mbele za watu, kwenda upande wa mwanaume, na binti mwenyewe anamfuata nyuma macho chini. Ennie aliacha nyanya zake. Kuna aliyesema, haya, Madamu Kongo kaamua kujipeleka. Mama Emilienne hakugeuka. Alitembea na sahani zake kama aliyebeba sakramenti.

Walimkuta baKaoma uani kwa bamayo Eness, amefungua mashine ya boti juu ya gunia, mikono myeusi kwa mafuta. Ndiyo kazi yake siku zisizo na posa. Alipowaona alifuta mikono, akavaa koti kwa heshima tu, akakaa. Bamayo Eness akatoka jikoni. Mwiche alikuwa mlangoni. Akatazamana na Arlène kadiri ya pumzi moja, kisha wote wawili wakatazama kwingine, kama inavyopasa.

Sasa angalia shida ilipokuwa. Watu wawili waliojua lugha zote mbili walikuwa pale, na wote wawili walikuwa hawaruhusiwi kufungua mdomo. Mama Emilienne alikuwa na Kibemba cha sokoni tu: njoo, ngapi, kidogo, mbichi, ongeza, asante. Akapiga magoti, akaweka sahani chini, akaanza nacho hichohicho. Alionyesha sahani, akaonyesha nyumbani kwake. Alipapasa shingo, pale ushanga unapokaa, akaonyesha kimo cha mtoto mdogo, akatikisa kichwa: sikujua. Alijifanya anaosha sahani. Alijifanya anapakua. Akaweka mkono kifuani, akasema asante, asante, ongeza, asante. Arlène alisimama nyuma yake machozi yakimtoka, maneno yamejaa mdomoni, hana ruhusa ya kutoa hata moja. Alimwona mama yake, mwanamke aliyekuwa mwalimu wa Kifaransa kule kwao, akijieleza kwa maneno sita ya kuuzia samaki, wala haoni haya.

BaKaoma alisikiliza. Alielewa, uso wake ulionyesha ameelewa. Lakini alikuwa mtu wa taratibu. Akasema pole kwa pole kwamba amesikia, na kwamba mama amefanya vizuri kuja, lakini sahani iliyorudi imerudi. Tiketi ya Mwansabombwe imekatwa, na watu wa kule wanangoja.

Mama Emilienne akamgeukia bamayo Eness. Akagusa sahani, akagusa mdomo, akauliza kwa Kibemba chake kama waliwala wale samaki wa siku ile.

BaKaoma akaiangalia mashine yake.

Bamayo Eness ndiye aliyesema ukweli, na akausema taratibu ili mgeni aelewe. Siku ya kwanza hawakuwagusa. Walikumbuka ile komedi, dawa ndani ya mboga, wakawafunika, wakawaweka mbali na watoto. Siku ya pili waliwapasha moto wasioze, na harufu ikawashinda. Walikula wote. BaKaoma, akasema bamayo, alipangusa sahani kwa donge la mwisho la ubwali, ugali wa kwao. Na hakuna aliyegeuka kitu chochote. Aliposema hayo alianza kucheka na kuona aibu kwa pamoja, akafunika uso kwa kitenge. Mama Emilienne, ambaye alielewa neno moja kati ya matatu, alielewa aibu ile yote. Akamshika mkono.

Lakini jibu halikutolewa. BaKaoma alisimama, ishara kwamba wageni wanasindikizwa. Jambo moja tu Arlène aliliona, akaogopa kulitegemea: bamayo Eness alizichukua zile sahani zikiwa na samaki, akaingia nazo ndani.

*

Jumapili Arlène alienda kanisani, akasimama walipokaa, akakaa waliposimama. Basi la Mwansabombwe huondoka saa sita. Saa tano na nusu alikuwa nyumbani akipasi blauzi ambayo ilikwisha kupasiwa, na nje akasikia mtu anabisha kwa kupiga makofi polepole.

Alichungulia kwa upande wa pazia. Alikuwa baKaoma, koti, tai, viatu vimepakwa rangi, na hana mfuko wa safari. Mikononi mwake sahani mbili za mama, zile nyeupe zenye mstari mwekundu, moja imefunika nyingine. Akakaa chini, kwenye udongo, na koti lake zuri.

Mama Emilienne alitoka. Safari hii hakuleta kiti. Alikunja kitenge chake, akakaa naye hapohapo chini, uso kwa uso. Mzee akazunguka kwa maneno, kirefu, kwa taratibu yake yote, na mama akaitikia kila alipopumua ingawa hakuelewa nusu. Kisha akaacha sahani, akaondoka bila kugeuka.

Arlène alitoka nje. Mama akafunua.

Karanga. Karanga zilizokaangwa, bado za moto, zimejaa mpaka ukingoni. Hakuna kitambaa, hakuna ushanga.

Ule moyo wa Arlène, jamani. Miaka sita alijifunza nchi hii, na sasa hakujua asome kwa macho gani. Kwao Moba sahani iliyorudi na chakula ni undugu. Kwa Kibemba sahani iliyorudi imerudi. Wamemshukuru mama kwa samaki, akawaza, wamemaliza deni la heshima, na sasa hivi basi linapiga honi. Alitazama barabarani. Ng'ambo, karibu na duka la mkate, Mwiche alikuwa amesimama na baiskeli, anajifanya mnyororo umetoka. Hakuweza kuja. Hakuweza kusema. Aliinua mkono tu, akawa anakunja vidole kimoja kimoja, na kile cha mwisho akakielekeza chini, kwenye sahani.

"Mama," Arlène akasema, "tia mukono ndani."

Mama Emilienne akachovya vidole katikati ya karanga, mpaka chini. Vidole vikasimama hapohapo. Akavuta taratibu, na kitambaa cheupe kikatoka, na ndani ya kitambaa ushanga mweupe wa bibi wa watu, una joto la karanga.

BaKaoma hakurudia njia. Alikuja kwa njia ya watu wa Moba wenyewe, na sahani ya mama mwenyewe, na hakuirudisha tupu. Mama aliangalia barabara alikopita mzee, akaangalia baiskeli ile isiyo na ubovu, akamwangalia binti yake aliyekuwa analia na kutafuna karanga kwa wakati mmoja.

"Ule," akasema, "njo mwenye alijifunza luga yetu kwa redio?"

"Njo yeye, mama."

"Anasema vizuri?"

"Anasema kama redio."

Mama Emilienne akacheka, mara ya kwanza tangu jana. Léopold hakumtaja. Alifunga ushanga ndani ya kitambaa, akaufungia kwenye pembe ya kitenge chake, mafundo mawili. Kisha akazichukua sahani.

"Leta nikuoshee," Arlène akasema.

"Hapana," mama akasema. "Hata kama ni zetu, hizi sirudishi."

Akaingia ndani akaziweka juu ya kabati, karibu na sweta.